Linachoma, Linasokota au Limejaa?

Dada yangu alinunua vidonge kumi vya diklofenaki kwenye duka la dawa lililo mkabala na kituo cha daladala, Ijumaa jioni, akitoka kazini. Magoti yalikuwa yanamuuma. Muuzaji, kijana mpole mwenye koti jeupe, alimuuliza swali moja tu: "Dada, vidonda vya tumbo unavyo?" Akajibu hapana, na siku ile jibu lake lilikuwa la kweli. Akafungiwa vidonge kwenye bahasha ndogo ya karatasi, mbele ikaandikwa 1x3 kwa kalamu ya bluu. Vilipoisha akarudi kununua vingine, na vingine. Miezi minne baadaye alikuwa wodini, choo kimekuwa cheusi kama lami, damu imeshuka mpaka midomo imepauka, na daktari anamwonyesha kwenye skrini kidonda kilichokaa pale pale ambapo mfuko wake wa chakula ulishonewa na utumbo.

Miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa na kilo 131. Sukari ilikuwa juu, presha ilikuwa juu, usiku alikoroma hadi pumzi inakatika, na ngazi za ofisini kwake, ghorofa ya pili tu, alizipanda kwa kupumzika mara mbili. Akauza kiwanja chake cha Chanika, akasafiri nje ya nchi, akapasuliwa. Alirudi na makovu matano tumboni, kila moja kama punje ya harage, na kijitabu cha maelekezo cha Kiingereza ambacho hata mimi ninayeishi kwa kusoma kilinishinda kurasa za katikati. Ndani ya mwaka mmoja na nusu akawa na kilo 82. Sukari ikatulia. Dawa za presha zikapunguzwa, na ngazi akawa anazipanda huku anaongea na simu.

Nayasema haya mapema ili nisieleweke vibaya. Sijaja kuuponda upasuaji huu. Ugomvi wangu ni na kinachofuata: ile miaka inayokuja baada ya picha ya kabla na baada kusambazwa, mtu anapobaki na tumbo jipya na hana wa kumweleza linavyouma.

Mitaani upasuaji wa namna hii wote una jina moja, "amekatwa utumbo", kwa hiyo tutenganishe kwanza. Aliofanyiwa dada unaitwa baipasi. Daktari huukata mfuko wa chakula, akaacha kijifuko cha juu chenye ujazo wa mililita 30 hivi, ambacho hakifikii hata kile kikombe cha kahawa chungu ya vijiweni. Kisha huupandisha utumbo mwembamba na kuushonea hapo. Sehemu kubwa ya mfuko haitolewi. Inabaki imefungwa, inaendelea kutengeneza maji yake, na inayamwaga chini zaidi, hivi kwamba ukichora njia zote unapata herufi Y. Upasuaji wa pili ni wa kupunguza mfuko wenyewe: robo tatu au zaidi hukatwa na kutupwa, unabaki mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Puto, ambalo wengi wamelisikia kwa sababu ya hospitali ya Mloganzila, si upasuaji. Huingizwa kwa njia ya mdomo, hujazwa ndani ya mfuko wa chakula, na hutolewa baada ya miezi kadhaa. Mtu wa puto na mtu wa baipasi wana matatizo tofauti kabisa, ingawa kwenye kikao cha wifi na mashemeji watatajwa kwa pumzi moja.

Sasa niingie kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Kiswahili kimejaliwa maneno ya tumbo. Kusema linauma ni kubisha hodi tu. Mlango ukifunguliwa mtu atakwambia linachoma, linasokota, linanyonga, linakata, linavuta, limejaa, linaunguruma. Kila neno lina mahali pake, na marehemu bibi yetu angekucheka ukisema linasokota wakati linachoma. Mpeleke basi mgonjwa huyo huyo kwa daktari. Anaulizwa tatizo, anajieleza kwa Kiswahili chake chote, na kwenye faili yanaandikwa maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya maumivu ya tumbo. Basi. Nimeliona faili la dada. Katika miezi ile minne alikwenda kituo cha afya mara tatu, na mara zote maneno ni yale yale mawili. Nilimuuliza alisema nini hasa. Mara ya kwanza alisema: linachoma nikila. Mara ya pili: linachoma hata usiku, sijala kitu. Mara ya tatu: bado linachoma, halafu siku hizi nachoka kweli kweli. Weka sentensi hizo tatu kwa mfuatano, utamwona mtu anayevuja damu ndani kwa ndani. Kwenye faili hayumo.

Kuchoma ni lugha ya asidi. Baada ya baipasi kidonda hupenda kukaa kwenye mshono, upande wa utumbo, kwa sababu utumbo haukuumbwa kustahimili asidi kama mfuko wa chakula. Sigara inakikaribisha. Bakteria wa H. pylori, ambaye huku kwetu amejaa, anakikaribisha. Lakini kwa mtu asiyevuta sigara mshukiwa wa kwanza ni dawa za maumivu za ukoo wa diklofenaki: ibuprofeni, aspirini, indomethasini, meloksikamu na ndugu zao. Dawa hizi zinapunguza kemikali inayoulinda ukuta wa tumbo. Na kuna kosa moja nimelisikia hata kwa watu waliosoma: "Basi nichome sindano, isipite tumboni." Sindano haisaidii kitu. Dawa inaingia kwenye damu na damu inaifikisha pale pale kwenye mshono. Vivyo hivyo vidonge vya mchanganyiko vinavyouzwa kwa ajili ya kichwa na mgongo. Vingi vina aspirini au diklofenaki ndani yake chini ya jina la kupendeza, na lazima usome maandishi madogo ya nyuma ya pakiti. Kwa maumivu ya kawaida, aliyefanyiwa baipasi anabaki na parasetamoli kwa kipimo chake. Aliyeandikiwa aspirini ya moyo asiiache kwa sababu ya makala ya gazeti, amuulize aliyemwandikia.

Upasuaji huu wenyewe ulizaliwa kutokana na vidonda. Edward Mason, daktari wa Chuo Kikuu cha Iowa huko Marekani, aliona kwamba wanawake waliokatwa sehemu ya mfuko wa chakula kwa sababu ya vidonda walikuwa wanashindwa kunenepa tena. Akajiuliza kama hasara ile inaweza kuwa tiba kwa wengine, na mwaka 1967 yeye na Chikashi Ito wakaandika kuhusu baipasi ya kwanza. Leo mtu anatibiwa unene kwa ukataji uliotokana na vidonda, halafu anakwenda dukani kununua kidonda chake kwa bei ya soda mbili.

Yule kijana wa duka la dawa simlaumu. Aliuliza swali sahihi kwa tumbo la kawaida. Lililokosekana ni la pili: "Umewahi kupasuliwa kupunguza uzito?" Hakuna aliyemfundisha kuliuliza, na dada hakuwa na kadi wala karatasi inayolijibu kabla halijaulizwa. Kijitabu kilionya kuhusu dawa hizi, kweli. Ukurasa wa 27.

Alitibiwa, na kidonda kilifunga. Aliandikiwa dawa ya kuzuia asidi kwa miezi kadhaa, akaambiwa aifungue kapsuli na kunywa chembechembe zilizomo bila kuzitafuna, maana kwenye kijifuko kile kapsuli nzima inaweza kupita kabla haijayeyuka. Akapewa na dawa nyingine ya maji, nzito, ya kufunika kidonda. Magoti? Anayakanda, anayafanyisha mazoezi kwa mtaalamu mara moja kwa wiki, anakunywa parasetamoli siku zikiwa mbaya. Yanauma bado. Hilo nalo sharti lisemwe.

Kusokota ni habari nyingine, na ndiyo inayonitisha kuliko zote. Wodini dada alipakana kitanda na mama mmoja wa Tanga aliyefanyiwa baipasi miaka mitano nyuma. Tumbo lake lilikuwa linasokota juu ya kitovu, zaidi baada ya kula, saa moja au mbili, kisha linaachia kama si lile. Wiki nzima kimya, halafu linarudi. Nyumbani wakasema chango. Ukishakuwa mwanamke na tumbo lako likasokota, jibu ni chango, na dawa ya chango ipo kwenye chupa ya maji kwa yule mama wa mtaa wa tatu. Akainywa miezi. Hospitali ya kwanza wakampiga picha za tumbo siku ambayo halisokoti, wakaona salama, wakamrudisha na dawa za minyoo.

Alikuwa na ngiri ya ndani. Huku kwetu ukitaja ngiri watu wanawaza wanaume na wanashusha sauti, lakini hii ni kitu kingine. Utumbo unapohamishwa na kushonwa upya, nyuma yake zinabaki nafasi kwenye ule utando unaoushikilia. Siku ya upasuaji nafasi hizo ni finyu, zimebanwa na mafuta. Mtu akishapungua kilo hamsini, mafuta ya ndani nayo yanapungua, nafasi zinalegea, na siku moja kipande cha utumbo kinapenya humo. Kikipenya na kurudi, tumbo linasokota na kuachia. Kikipenya kisirudi, damu inakatika na utumbo unakufa. Picha za mashine zinaweza kuonyesha kila kitu ni sawa, kwa hiyo daktari wa upasuaji hulazimika wakati mwingine kuingia kwa kamera na kutazama kwa macho yake. Mwaka 2016 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Sweden wa wagonjwa 2,507: ambao nafasi zile zilishonwa siku ya upasuaji, ni asilimia 5.5 tu waliolazimika kupasuliwa tena kwa utumbo kuziba ndani ya miaka mitatu; ambao hazikushonwa, asilimia 10.2. Hilo ni swali la kumuuliza daktari kabla hujalipa: nafasi za ndani unazishona? Na mjamzito aliyewahi kufanyiwa baipasi, tumbo lake la juu likisokota, asiambiwe mtoto anacheza.

Yule mama alipasuliwa usiku wa pili, mapema ya kutosha, utumbo bado una rangi yake. Asubuhi dada alimkuta anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Chango langu limepata jina," alisema.

Linaweza pia kusokota kwa sababu ya mawe kwenye mfuko wa nyongo, maana kupungua haraka kunayazalisha. Hapo maumivu hukaa juu kulia na kupanda begani. Kipimo cha ultrasaundi kinayaona. Na likisokota bila kuachia huku mtu anatapika, hakuna kusubiri kesho.

Kujaa hakuui lakini kunachosha. Gesi, kuunguruma, choo kufunga siku nne kisha kuharisha siku mbili. Mara nyingine ni vidonge vya madini ya chuma vinavyofunga choo, mara nyingine ni maziwa ambayo tumbo jipya limeyakataa ingawa mtindi linaupokea, mara nyingine bakteria wameongezeka kwenye utumbo mwembamba mahali ambapo hawakutakiwa kuwa wengi, na dawa zipo. Dada alijifunza kutokunywa maji na chakula kwa wakati mmoja, anasubiri nusu saa. Ugali anaukata vipande vya ukubwa wa kucha. Kunde anazila zikiwa zimesagwa. Chipsi kuku za njiani zimemfukuza zenyewe.

Halafu kuna ile ambayo haina neno la Kiswahili, na madaktari wanaiita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kumwaga mzigo. Sisi nyumbani tunaiita mmwago. Niliiona kwa macho yangu kwenye send-off ya binti wa kaka yetu mkubwa. Ukumbi wa kukodi, sare za kitenge cha zambarau, muziki unatetemesha viti vya plastiki. Ukafika wakati wa keki. Binti anawalisha wazazi, anawalisha mashangazi mmoja mmoja, na mshereheshaji anayaita majina kwa madaha. Dada ndiye shangazi mkubwa. Unakataaje keki ya binti wa kaka yako mbele ya watu mia tatu na kamera mbili? Alikula kipande chenye krimu nene, akateremshia soda aliyoshikishwa mkononi. Nilitazama saa bila kukusudia. Haikupita robo saa. Jasho lilimtoka kwenye nywele, likashuka mpaka kwenye kitenge, mkono wake nilipoushika mapigo yalikuwa yanakimbia, na tumbo, alisema, "linakimbia nalo". Nikamtoa kwa mlango wa jikoni, tukakaa kwenye gari madirisha wazi. Ndani, binamu yetu alishaanza kutangaza ujauzito.

Sukari nyingi inapoingia moja kwa moja kwenye utumbo mwembamba bila mfuko wa kuizuia, utumbo unavuta maji kwa ghafla kuizimua, na mwili mzima unashtuka. Hiyo ni dakika kumi hadi thelathini baada ya kula. Kuna na ya pili, inayokuja saa moja hadi tatu baadaye: mwili umemwaga insulini kupita kiasi, sukari inaanguka, mtu anatetemeka na kuona kizunguzungu, na akinywa soda ili apate nguvu anaanza mzunguko upya. Wanaofunga Ramadhani waliangalie hili kwa makini zaidi kuliko njaa yenyewe, kwa sababu futari yetu ya pwani, kaimati, tambi za sukari, uji mtamu, ni mmwago uliopangwa mezani. Tangu send-off ile tumeweka utaratibu: keki ya mashangazi dada anaipokea mdomoni, anageuka, na mimi niko nyuma yake na kitambaa. Picha zinatoka vizuri.

Nimeeleza maumivu yenye chanzo. Wako ambao wamepimwa kwa kamera, kwa picha, kwa damu, hata kufunguliwa tena, na hakikuonekana kitu, na linauma. Hawa ndio wanaoumizwa zaidi na midomo yetu: anadeka, amezoea kulalamika, alijitakia. Kabla ya kumwita mtu mwongo kuna kipimo kisichogharimu hata shilingi. Mgonjwa alale chali, aonyeshe kwa kidole kimoja mahali panapouma, daktari abonyeze hapo, kisha mgonjwa ainue kichwa kana kwamba anataka kuamka. Maumivu yakizidi, huenda hayatoki ndani kabisa. Yako kwenye ukuta wa tumbo, kwenye misuli au neva iliyonaswa na kovu, na sindano ya ganzi mahali hapo inaweza kumtuliza mtu aliyeteseka miaka. Kwa wengine ni neva zenyewe zilizozoea kupiga kelele, kama mbwa anayeendelea kubweka mwizi akiwa ameshaondoka zamani. Hapo kuna dawa ndogo za usiku za kutuliza neva, za bei nafuu, kuna kutembea kila siku, kuna kulala vizuri, kuna kuongea na mtu aliyesomea kusikiliza.

Kinachokuja badala yake mara nyingi ni tramadoli. Mwezi wa kwanza inasaidia. Halafu inafunga choo, tumbo linajaa, maumivu yanaongezeka, na vidonge vinaongezwa. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2013 uliwafuatilia watu waliokuwa wakitumia dawa za ukoo wa mofini kwa muda mrefu kabla ya upasuaji wa kupunguza uzito, na asilimia 77 kati yao waliendelea nazo mwaka uliofuata. Mwili ulipungua, vidonge vilibaki.

Watu hunikatisha hapa na kuniuliza: sasa unasema watu wasipasuliwe? Wadenmark wametujibu sote. Waliwauliza watu waliofanyiwa baipasi kati ya 2006 na 2011 katika eneo la kati la nchi yao, na 1,429 wakajibu. Asilimia 88.6 walisema wamepata dalili moja au zaidi tangu upasuaji. Mmoja kati ya watatu alitaja maumivu ya tumbo. Zaidi ya robo walishalazwa hospitali. Kisha watu hao hao wakaulizwa kuhusu hali yao kwa ujumla, na asilimia 87.4 wakasema ni nzuri kuliko kabla ya kupasuliwa.

Nimezirudia namba hizo mara nyingi, kwa sababu kwenye mazungumzo yetu mtu wa namna hiyo hayupo. Tuna aliyepona na anayejuta. Tuna dada wa Instagram mwenye kiuno na tuna yule anayesemwa chini chini kwamba "walimharibu". Anayeumwa na anayeshukuru kwa wakati mmoja hatuna pa kumweka. Dada alipotoka wodini nilimuuliza, kwa upole, kama angerudisha siku nyuma. Alinitazama kama nimemwomba hela. "Kwa ngazi zile?" alisema. "Lakini wangeniambia kuhusu diklofenaki mara kumi na si mara moja."

Ndipo ninapowageukia wanaouza huduma hii, wa hapa na wa kule wanakopelekwa watu kwa vifurushi vya ndege na hoteli. Profesa Mohamed Janabi, akiwa hospitali ya Muhimbili kabla ya kwenda kuongoza Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika mwaka 2025, alitusema kuhusu sahani zetu mpaka akawa utani wa mitandaoni, na alikuwa na haki. Unene ni ugonjwa, watu zaidi ya bilioni moja duniani walikuwa nao mwaka 2022, na wapasuliwa wataongezeka. Basi yeyote anayeshika kisu achapishe na kadi. Kipande cha karatasi ngumu cha kukaa kwenye pochi, kwa Kiswahili, herufi kubwa: nimefanyiwa baipasi, tarehe fulani, usinipe dawa hizi, tumbo langu likisokota niite daktari wa upasuaji, nikitapika siku kadhaa nipe vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi. Hilo la mwisho linaonekana dogo. Mtu aliyetapika wiki mbili akatundikiwa glukosi bila vitamini hiyo anaweza kudhurika ubongo, na huku kwetu dripu ya glukosi ndiyo salamu ya kwanza ya zahanati.

Na bei itajwe yote. Vitamini, madini ya chuma, kalsiamu, sindano za B12 na vipimo vya damu vya kila mwaka ni vya maisha, havimo kwenye kifurushi, na nimeona watu wakiviacha mwaka wa pili kwa sababu ada za shule zimegongana navyo. Aliyeuza kiwanja kwa ajili ya upasuaji atauza nini kwa ajili ya miaka thelathini ya kalsiamu? Hili ni swali la kweli, nalo lingepaswa kuulizwa na daktari kabla mtu hajapanda ndege.

Sisi wengine tuna kazi ya mezani. Mama yetu alichukua mwaka mzima kuzoea. Kwake mgeni anayeacha chakula ametukana, na mtoto anayeacha chakula anaumwa kile kisichotajwa. Dada alipopungua, majirani walipita kumpa Mama pole za mafumbo, maana huku kwetu kukonda kuna tafsiri moja. Mama alijibu kwa kupakua zaidi. Sinia likawa linasogezwa mbele ya dada na macho ya watu wanne juu ya mkono wake.

Siku hizi Mama anampakulia kwenye kisosi cha kikombe cha chai: kipande cha samaki, mchicha, ugali kama jicho la ng'ombe. Dada anatumia dakika ishirini na tano kukimaliza, tumeshaosha vyombo. Jumapili iliyopita alisimama katikati ya kisosi, akaweka kiganja tumboni.

Mama aliacha kuchambua mchele. "Linasemaje?"

"Linauma kidogo."

"Kuuma nimesikia. Linachoma au linasokota?"

Dada alifikiri. "Limejaa tu, Mama."

Mama akarudi kwenye mchele wake.